Miche Iliyohama Kaptegat

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sajini Nakhumicha alifungua macho gizani, akasikiliza. Sauti ilitoka jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Kitu kigumu kilikuwa kikisugua ndani ya kitu chenye mdomo mwembamba. Kilinyamaza, kikagongwa kidogo, kikaanza tena.

Alikumbuka alipo. Hapa palikuwa nyumbani kwa Kogo Chelangat, kijijini Kaptegat, juu ya Elburgon, pale mashamba yanapokwisha na msitu wa Mau kuanza. Mvua ya jana jioni ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji, na pikipiki ya kituo cha polisi ilikuwa imeteleza mara mbili kabla hata ya kufika darajani. Bibi kizee huyo, kogo wa kijiji kizima, alikuwa amesimama mlangoni na taa, akamwita arudi.

"Afande, wacha kupigana na matope. Utalala kwa kitanda ya Cherop. Yeye leo hayuko."

Nakhumicha alikuwa amejifunika blanketi moja tu. Sasa alikuwa na matatu, na kingo zake zilikuwa zimepenyezwa vizuri chini ya godoro.

Alivaa sweta akaenda jikoni. Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya moto, kibuyu kirefu mapajani, akikisugua ndani kwa ufito uliochanwa ncha kama brashi.

"Nimekuamsha," Kogo alisema.

"Hapana, Kogo. Polisi huamka hata na sauti ya panya."

"Basi hii panya imezeeka. Kaa chini, chai iko."

Nakhumicha aliketi. Kikombe kilikuwa tayari kimemiminwa na kufunikwa kisahani.

"Hicho kibuyu ni cha maziwa ya mursik?"

"Ndiyo. Naosha, nakausha, halafu napaka ndani mkaa ya emitiot. Nyinyi mnaita mzeituni wa porini. Bila hiyo mkaa, hayo ni maziwa imelala tu. Siku hizi kuni yake natafuta mpaka magoti inalia. Ilikatwa yote."

"Na ndiyo miche iliyopotea."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Vijana wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walikuwa wamepiga kambi Kaptegat kupanda miti ya asili kwenye mteremko uliokatwa miaka mingi iliyopita. Walilala katika nyumba za wenyeji na kutwa walifanya kazi kwenye kitalu cha miche nyuma ya shule. Ijumaa jioni miche yote ilikuwapo. Jumamosi asubuhi, vijana walipokuwa wamekwisha kuondoka kwa basi kwenda kutembea Kariandusi na Elmenteita, msimamizi wa kambi alikuta zaidi ya miche mia moja ya mzeituni haipo. Kufuli la lango lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikaa kwa mtu mmoja: mlinzi, Mzee Kibii.

Leo Jumapili mlinzi mpya angewasili kutoka Molo. Iwapo Nakhumicha hangepata jibu jingine kufikia wakati huo, Kibii angeshushwa Elburgon nyuma ya pikipiki ya polisi, watu wakitoka kanisani na kumwangalia. Naye ndiye aliyekuwa akiwapokea mlangoni mwa kanisa hilo kila Jumapili na kuwatafutia pa kukaa.

"Huyu Cherop ambaye unawapa watu kitanda chake ni nani?" Nakhumicha aliuliza.

Uso wa Kogo uling'aa. "Ni Mjapani wangu. Jina lake ni Haruka, lakini alishuka kwa gari na mvua kubwa, tukamwita Cherop. Afande, huyo mtoto ana adabu! Nilimpa uji kwa bakuli abebe kazini. Jioni bakuli inarudi na mboga ya managu, amechuma mwenyewe. Nusu ilikuwa managu, nusu ilikuwa chakula ya ng'ombe."

"Ukafanya nini?"

"Nikangoja alale, nikatoa ya ng'ombe. Nikapika. Alikula akifurahi kabisa."

Nakhumicha alicheka, akapuliza chai.

"Na ya ng'ombe nikapelekea ng'ombe wa Kibii," Kogo aliendelea. "Huyo alikuwa karibu kuzaa. Alizaa Ijumaa jioni, maskini, ndama ikatanguliza miguu ya nyuma. Kama si Kibii kuivuta kwa mikono yake, wangekufa wote wawili."

Kikombe kilisimama njiani. Jana, mbele ya watu wawili, Kibii alikuwa ameapa kwamba Ijumaa hakutoka langoni tangu jua lilipoanza kushuka hadi asubuhi.

"Kibii mwenyewe alikuwa nyumbani Ijumaa jioni?"

Ufito ukaacha kusugua. "Nimesema kitu mbaya?"

"Umesema ukweli, Kogo."

"Basi nimesema kitu mbaya."

Alipokuwa akitoka, Kogo alimkabidhi hotipoti ya bluu ndani ya kikapu. "Hii ni ya Tabby, ndiyo alileta na zile chapati ulikula jana. Ukipita kwake mrudishie. Usitingishe sana."

Nakhumicha alikitundika kikapu begani na kuanza kupanda kilima.

*

Wanyoike, msimamizi wa kambi, alikuwa kijana mrefu wa Nakuru mjini aliyevaa gamboti hadi magotini na kofia ya sufu. Alikuwa amekwisha kufungua lango la kitalu kwa ufunguo aliouchukua kwa Kibii jana.

"Sajini, ulilala poa?"

"Nililala kama mtoto. Nionyeshe tena hilo tuta."

Walipita chini ya wavu mweusi wa kivuli. Matuta yalikuwa yamejipanga, kila moja na kijiti chenye jina la kijana aliyekuwa akilitunza. Wanyoike alikuwa ameanzisha mtindo huo mwenyewe. Kijana akifika tu, alipewa tuta lake na kuambiwa kuanzia siku hiyo ni la kwake, amwagilie, apalilie, azungumze nalo akipenda. Alisema vijana walifanya kazi mara mbili zaidi wakiwa na kitu cha kwao.

Tuta lililoibwa lilikuwa na kijiti kilichoandikwa Cherop.

"Ndilo lilikuwa zuri kushinda yote," Wanyoike alisema kwa huzuni. "Huyo mwizi ana macho."

Nakhumicha alichuchumaa. Miche ilikuwa katika vifuko vyeusi vya plastiki vilivyojaa udongo. Jana alikuwa amehesabu tu kilichobaki. Leo aliangalia kilivyobaki. Vifuko vilikuwa vimesogezwa pamoja, kimoja kikiegemea kingine ili kisianguke. Udongo wake ulikuwa umeshindiliwa kwa vidole. Miche mifupi ndiyo iliyoachwa. Mirefu iliyonyooka ndiyo iliyokwenda.

"Wanyoike, wewe umewahi kuiba?"

"Mimi? Sukari ya mama, basi."

"Ulichagua punje nzuri nzuri?"

"Nilichota nikatoroka."

"Haswa. Huyu hakuchota. Alichagua mmoja mmoja, kisha akapanga alichoacha kisianguke." Nakhumicha alisimama na kupangusa magoti. "Na alibebea nini? Miche mia na udongo wake ni mzigo."

"Labda mkokoteni. Kipkemoi anao."

"Mkokoteni ungeacha alama za magurudumu hapa chini ya wavu, ambapo mvua haipigi kwa nguvu. Nyinyi wenyewe mlikuwa mnahamisha miche kwa chombo gani?"

"Makreti yetu yalichelewa Nairobi. Wamama wa hapa wakatuazima mabeseni ya kufulia."

"Yako wapi?"

"Yalirudishwa Ijumaa. Nilisema wasingoje mpaka siku ya kufua wamama waanze kututafuta. Yalikuwa yameoshwa hadi yanang'aa."

Nakhumicha alitikisa kichwa, akaendelea. "Hao vijana. Umewapigia simu kuwauliza kama waliona kitu?"

Wanyoike alishtuka. "Sajini! Wageni? Wametoka huko mbali kutusaidia, halafu niwaambie tumeibiwa, tena na mlinzi wetu? Watatuonaje? Nilimwambia hata dereva asiseme kitu. Wacha wafurahi na ndege wao wa ziwani, wale heroe. Wakirudi mchana, yule mlinzi mpya atakuwa ameingia na wewe utakuwa umemaliza."

"Na Kibii?"

Wanyoike alitazama gamboti zake. "Sifurahii, Sajini. Lakini ufunguo ni mmoja."

*

Kipkemoi alikuwa akipalilia viazi kwenye shamba lake la msituni, ingawa ilikuwa Jumapili, na alipoona sare ya polisi aliinua jembe juu kama mtu anayejisalimisha.

"Mathe, niko na familia!"

"Shusha hilo jembe kabla halijakuangukia. Watu wanasema hutaki miti ipandwe hapa."

"Si uongo. Miti ikikua, viazi inahama. Lakini nilisaini na watu wa msitu, nililima bure miaka mitatu, nimeshukuru." Aliegemea mpini. "Sasa fikiria. Wako na miche elfu nne. Mimi niibe mia? Hiyo ni kama kuzuia harusi kwa kuficha kijiko."

"Mkokoteni wako?"

"Gurudumu iliharibika Jumatano. Iko kwa fundi Elburgon, uliza yeye. Na tena emitiot niitoe wapi nipeleke wapi? Mimi nakimbizana nayo." Alionyesha mti mkubwa mmoja uliobaki ukingoni mwa shamba, majani yake ya fedha yakicheza na upepo. "Ndege wanakula matunda ya huyo mzee, wananipandia vitoto kila mahali. Kila nikipalilia nang'oa. Nimechoka."

Nakhumicha aliinama. Kati ya mistari ya viazi kulikuwa na vichipukizi vingi vyenye majani membamba.

"Ijumaa jioni ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa nafunga kazi."

"Uliona nini?"

Kipkemoi alisita, akakuna shingo. "Sitaki kumharibia mtu."

"Mtu huyo atashushwa mchana huu, uongee au usiongee."

"Niliona Kibii akikimbia kuteremka kwake. Mzee na miaka yake, kofia mkononi. Lakini afande, hakuwa amebeba kitu. Andika hiyo pia."

"Nimeiandika."

Alipogeuka kuondoka, Kipkemoi alimwita, akakata fimbo ya mti kwa panga na kuichonga ncha. "Shika. Hapo chini kuna utelezi, na sitaki kusikia ati polisi alianguka kwa shamba yangu."

*

Ndama alikuwa mweusi mwenye baka jeupe usoni, na miguu yake ilikuwa bado haijaamua iende wapi. Mzee Kibii alikuwa amepiga magoti ndani ya zizi, akimwelekeza kwenye chuchu ya mama yake. Alivaa koti la suti, shati jeupe na tai, tayari kwa kanisa, na majani makavu yalikuwa yamejaa magotini.

"Mtoto mzuri," Nakhumicha alisema.

"Asante."

"Alizaliwa lini?"

Kibii hakuinua uso. "Juzi."

"Juzi jioni. Akiwa ametanguliza miguu ya nyuma, na wewe ukamvuta. Jana uliniambia hukuondoka langoni."

Ndama aliipata chuchu, na mkia ukaanza kuchezacheza.

"Nilidanganya," Kibii alisema. "Niliondoka. Nilikaa mpaka giza ikaingia. Niandike hivyo."

"Na ufunguo?"

"Nilikuwa nao."

"Mzee, tazama hapa. Mtu anayekimbia kwenda kuokoa ng'ombe wake, hasimami njiani kuchagua miche mia iliyonyooka. Najua si wewe. Lakini ulipoondoka, lango lilibaki na mtu. Wanyoike anasema mlinzi akiacha lango bila mtu hufutwa kazi, na wewe hujawahi hata kuliacha kwenda msalani bila kuita mtu. Nani alishika ufunguo?"

"Hakuna mtu."

"Unamficha."

"Afande." Kibii alisimama taratibu, akapangusa mikono kwenye majani. "Mtoto wangu alikuja mbio kuniita, ng'ombe imekwama. Nilikuwa nalia hapo langoni, mimi mzee. Mtu mmoja aliniona. Hakuniuliza maneno mengi. Aliniambia, nenda, mimi hapa. Nikaenda. Niliporudi alikuwa amekaa kwa kiti yangu, kwa baridi, ananingoja. Akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. Kwa sababu yake ng'ombe iko, na huyu iko." Alimgusa ndama kichwani. "Sasa nimlipe kwa kumtaja kwa polisi? Ametoka mbali kuliko nchi zote ninajua. Nipeleke tu mimi Elburgon."

Nakhumicha hakuuliza tena. Maneno mawili yalitosha: ametoka mbali, na mikono miwili.

"Nenda kanisani, Mzee," alisema. "Watu wanangoja mtu wa mlangoni. Ila toa majani kwa magoti."

*

Hivyo alikuwa na jina. Lakini jina bila sababu halikumfaa kitu. Msichana aliyetoka Japani kupanda miti, akaiba miti ile ile aliyoipalilia kwa mikono yake, aipeleke wapi? Kwenye basi la Kariandusi? Wanyoike mwenyewe alipakia mizigo ya basi hilo.

Alifika kwa Tabby akiwa bado anafikiri. Tabby alikuwa mama wa makamo, familia yake ilitoka upande wa Gilgil kuja kulima hapa, na alikuwa akifunga kitambaa cha kanisani mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye nguzo ya veranda.

"Wĩ mwega, afande! Umekuja kunishika?"

"Nimekuja kurudisha hotipoti. Zile chapati zilinifanya nisahau kazi."

Tabby aliipokea, akaitikisa kidogo karibu na sikio, akaanza kucheka. "Huyu Chelangat! Hawezi." Alifungua kifuniko. Ndani, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na mayai sita. "Nikimtumia chapati ananiletea mayai. Nikirudisha kikapu chake naweka viazi. Tutazikwa hatujamaliza kurudishiana."

"Hata kwetu Bungoma," Nakhumicha alisema. "Mama alikuwa akituchapa tukirudisha sufuria ya jirani bila kitu ndani. Hata kama ni..."

Aliacha hapo hapo. Kwenye ua, juu ya nguzo, beseni la kufulia la rangi ya waridi lilikuwa limegeuzwa kifudifudi likauke. Lilikuwa limeoshwa hadi linang'aa.

Bakuli la uji lililorudi na managu. Miche mirefu iliyochaguliwa mmoja mmoja. Ufunguo uliotolewa kwa mikono miwili.

"Tabby, hilo beseni lako lilirudi lini kutoka kambini?"

"Ijumaa jioni. Yule msichana wa Chelangat alilileta, Cherop. Na vile alivyoinama, nilidhani ananiombea."

"Lilirudi tupu?"

"Tupu! Mtoto mwenye adabu vile? Kuja uone."

Alimshika mkono, akamzungusha nyuma ya jiko. Pale, chini ya mfereji wa maji ya paa, miche kumi ya mzeituni ilisimama ardhini kwa mstari, kila mmoja umezungushiwa vijiti vya miiba ili mbuzi asiufikie, na umewekewa jani la mgomba upande wa jua.

Nakhumicha aliitazama, kisha akamtazama Tabby. "Jana nilikaa kwa veranda yako. Nikakuuliza kuhusu miche."

"Uliniuliza kama nimeona miche ya wizi. Sijaona."

"Na hii?"

"Hii ni zawadi yangu, afande! Wewe ukiulizwa kama umeona kiatu cha wizi, utaangalia kilicho mguuni mwako?"

"Wengine pia walipewa?"

"Kila aliyewaazima beseni. Winrose alipanda yake kando ya kaburi la bwanake. Zeddy ameniambia yake ataweka kwa mpaka." Tabby alisimama, mkono mdomoni. "Ngoja. Ati ndiyo hiyo mnatafuta? Ndiyo mnataka kumfungia Kibii?"

"Ndiyo."

"Ũũi! Na leo ndiye ataniketisha kanisani!"

"Atakuketisha. Lakini nataka wenye mabeseni wote waje kwenye kitalu mchana, basi likirudi. Na mabeseni yao."

*

Mlinzi mpya wa Molo alikuwa amefika, kijana mkimya na mfuko wake mgongoni, na Wanyoike alikuwa akimweleza habari za kufuli, wakati wamama walipoanza kumiminika kutoka kanisani, mabeseni vichwani. Kogo Chelangat alikuja wa mwisho, na Kibii alikuwa amemshika mkono kwa ajili ya magoti yake. Kipkemoi alifuata nyuma, kuona tu, alisema.

Basi liliingia likiwa na matope hadi madirishani. Vijana waliteremka wakipunga mikono. Haruka, ambaye kila mtu alimwita Cherop, alikuwa mdogo wa umbo, na kofia yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Aliona watu, akaona sare ya polisi, akaona kijiti chenye jina lake mkononi mwa Nakhumicha, na tabasamu lake likapungua.

"Karibu, Cherop," Nakhumicha alisema polepole. "Nililala kitandani kwako. Asante."

Haruka aliinama. "Asante wewe. Kitanda, baridi?"

"Hapana. Nina swali moja tu. Ijumaa ulirudisha mabeseni ya wamama. Uliweka nini ndani?"

"Miche," Haruka alijibu bila kusita. "Kumi, kumi. Nzuri tu. Mzee akienda kwa ng'ombe, mimi nashika ufunguo, nachagua, naweka nje ya lango; akirudi, nampa ufunguo, mikono miwili hivi, halafu giza, napeleka. Nyumbani kwetu, bibi yangu anasema, bakuli ya jirani hapana rudi tupu. Hapa, Kogo pia hapana rudisha tupu. Nikaona, ah! Sawasawa na kwetu." Alimtazama Wanyoike. "Wewe sema, tuta yangu. Mimi sina kitu kingine yangu hapa. Nikatoa hiyo."

Wamama walitoa sauti ile ya pamoja inayotoka mtoto anapofanya jambo zuri.

"Nilifanya vibaya?" Haruka aliuliza. Alikuwa amemwona mlinzi mpya, kisha Kibii. "Mzee Kibii? Kuna shida?"

"Hakuna shida," Kibii alisema haraka. "Ndama iko na baka nyeupe hapa usoni. Utakuja kuiona."

"Wanyoike," Nakhumicha alisema, "mimi nimemaliza. Hakuna kilichoibwa. Ungemwuliza jana kwa simu, ungenipunguzia matope."

"Nilikuwa naona aibu," Wanyoike alisema.

"Najua. Ulitaka wageni watuone vizuri."

Kijana yule mrefu alivua kofia yake ya sufu. Alipita katikati ya watu wote hadi kwa Kibii, akampa ufunguo kwa mikono miwili, kama alivyosikia umefanywa. "Mzee, nilikosea. Nisamehe mbele ya hawa watu, kwa sababu ni mbele yao nilikusema."

Kibii aliupokea. Aliugeuza geuza kiganjani, kisha akautia katika mfuko wa koti lake la kanisani na kuupigapiga. "Ulikuwa unachunga miti," alisema. "Hata mimi."

Wanyoike alimgeukia kijana wa Molo, aliyekuwa bado na mfuko mgongoni. "Umesafiri bure, ndugu yangu."

"Si bure," Tabby alisema. "Atakula kwanza. Hakuna mtu anarudi Molo na njaa."

"Lakini mlima," Wanyoike alisema. "Kesho tunapanda, na niko na mashimo zaidi ya mia hayana miche. Siwezi kuwaambia mng'oe zawadi zenu."

"Jaribu," alisema Winrose, mjane aliyepanda yake kaburini, na wenzake wakacheka.

Nakhumicha alikuwa akimtazama Kipkemoi, aliyekuwa ameanza kuangalia mawingu.

"Kipkemoi. Vile vitoto unavyong'oa kila ukipalilia."

"Vipi, vile vya ndege?"

"Ni vya mti gani?"

Kipkemoi alikuna shingo. "Ni emitiot, mathe. Lakini hizo si ni magugu tu?" Alitazama huku na huku, akaona nyuso zote zimemgeukia. "Ai! Sasa mtaingia kwa viazi yangu na mabeseni?"

"Kwa adabu," Kogo alisema. "Tutapita katikati ya mistari. Na tukitoa yako tutakupalilia."

"Shamba yote?"

"Yote."

"Kama ni hivyo, kujeni hata leo."

Walikwenda. Wamama walitangulia na mabeseni, vijana wakafuata na majembe mafupi, na Haruka akashika mkono mwingine wa Kogo. Kabla jua halijainama, mabeseni yalikuwa yakirudi kitaluni yamejaa vichipukizi na udongo wake mweusi, na Kibii alikuwa langoni akiyapokea moja moja na kuyaelekeza pa kukaa, kama alivyowafanyia wenyewe kanisani asubuhi.

Barabara ilikuwa imekauka kiasi cha pikipiki kupita. Nakhumicha alifunga fimbo ya Kipkemoi kando ya kiti, kwa sababu ilikuwa fimbo nzuri, na alikuwa akivaa helmeti wakati Kogo Chelangat alipotokea mlangoni mwa nyumba yake, akitembea polepole, kibuyu kirefu kimekumbatiwa kifuani.

"Hii si ile nilikuwa naosha. Hii ni ya zamani kidogo, imeiva. Ni mursik."

"Kogo, siwezi kuchukua kibuyu chako."

"Nani amekupa kibuyu? Nimekupa maziwa. Kibuyu ni yangu, na nimekizoea." Alikifunga kwa leso kwenye kikapu cha pikipiki, akakaza fundo mara ya pili. "Utanirudishia."

Nakhumicha alimtazama, akaanza kutabasamu. "Nije lini?"

"Ikiisha," Kogo alisema. "Kunywa haraka."